Altaneta ya Corolla kwenye Land Rover ya Babu

Ukiniuliza bumu la muhula wa pili mwaka jana lilikwenda wapi, nitakujibu bila kuficha: sehemu yake iliungua kwa sekunde moja nyuma ya nyumba ya babu yangu, Sumbawanga, ikatoa moshi mdogo wenye harufu ya plastiki, basi. Makala hii inaeleza kwa nini iliungua, na tulifanya nini baadaye hadi gari likachaji. Naiandika kwa sababu najua wengi wetu hapa chuoni tumeacha nyumbani gari la zamani la mzee fulani, limesimama chini ya mti, na kila anayepita anasema, "Hilo weka altaneta tu, litapona." Hiyo "tu" ndiyo yenye kazi.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya petroli, na kadi yake inasema 1965. Babu aliinunua ikiwa imeshachoka, lakini imetulipia ada watu wanne, mimi nikiwa wa mwisho. Inashuka bondeni Muze kuchukua mchele, inapanda Sumbawanga kuuza, msimu wa mahindi inazunguka vijijini huku juu. Bodi yake ni ya aluminiamu, haiozi kwa kutu kama magari mengine, ndiyo maana ukiiona kwa mbali unadhani ni nzima.

Tatizo lake lilikuwa umeme. Babu alikuwa haiegeshi popote isipokuwa kwenye mteremko, ili asubuhi aisukume. Kila baada ya miezi kadhaa alinunua betri, betri ikafa, akailaumu betri. Asubuhi za Juni na Julai pale Ufipa, kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi inafanya oili kuwa nzito na betri kuwa dhaifu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata betri mpya ilionekana mbovu.

Mwishoni mwa Desemba nilikuwa nyumbani, nikapanda nao kutoka Muze usiku, mimi, babu, bibi na magunia saba. Kutoka bondeni hadi Sumbawanga unapanda karibu mita 1,000, na mvua ilikuwa inanyesha. Katikati ya mlima lori lilikuwa limekwama mbele yetu. Babu hakuzima injini, maana akiizima haiwaki tena. Tukakaa pale saa nzima na zaidi, injini ikinguruma taratibu, taa zikiwaka, waipa zikifanya kazi. Nilikuwa naziona taa zinageuka rangi, kutoka nyeupe kwenda njano, kutoka njano kwenda kama makaa. Lori lilipotoka tukaenda kidogo sana, injini ikaanza kupiga chafya, ikazima. Hendeli ya kuzungushia kwa mkono tulikuwa nayo, lakini koili ya kuchomea petroli ilikuwa haina umeme, hivyo ungezungusha mpaka asubuhi. Na kweli tulikaa mpaka asubuhi. Bibi alikohoa wiki tatu baada ya usiku ule, na babu, ambaye huwa haongei sana, akasema gari litauzwa.

Mnunuzi alikuwa tayari. Mtu wa vyuma chakavu, anapima kwa kilo.

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati. Nikiwa kidato cha nne nilichora dinamo nzuri sana kwenye daftari, na kanuni ya mkono wa kulia ya Fleming niliijua kama sala. Lakini sikuwahi kujiuliza dinamo ya gari la babu inatoa kiasi gani. Usiku ule kwenye mlima, kwa kukosa la kufanya, nilipiga hesabu kichwani, na nilipofika nyumbani nikaiandika vizuri.

Taa kubwa mbili za wati 60 ni wati 120. Kuna taa mbili za ziada ambazo mjomba alizifunga mbele kwa ajili ya ukungu, wati 55 kila moja, jumla 110. Taa ndogo za mbele na nyuma na ya namba, wati 25. Hiyo ni 255, gawanya kwa volti 12, unapata amp 21 na kidogo. Ongeza koili amp 3, waipa amp 3. Tumefika 27, bado hujachaji simu ya mtu. Sasa dinamo iliyokuja na Land Rover za wakati ule, Lucas aina ya C40, uwezo wake wa juu kabisa ni amp 22. Na hizo 22 inazitoa injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha. Gari likisimama na kunguruma taratibu, dinamo haitoi kitu cha maana, ndiyo maana taa nyekundu ya chaji huwa inapepesa. Kwa hiyo kwenye foleni ya lile lori karibu kila kitu kilikuwa kinakula betri. Betri iliyochoka yenye akiba ya amp-saa 30 haiwezi kumaliza saa mbili hapo. Betri ilikuwa inalaumiwa bure. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya taa mbili za wastani na waipa, sisi tukaliongezea mzigo.

Hapa ndipo ile michoro ya daftarini iliponisaidia. Tangu Michael Faraday mwaka 1831 tunajua kwamba waya ukikatana na usumaku unaochezacheza, umeme unapatikana. Swali ni kipi kizunguke. Kwenye dinamo usumaku umekaa kwenye ganda, umetulia, na nyaya zinazozalisha umeme ndizo zinazozunguka ndani. Maana yake umeme wote, amp zote 22, lazima utoke kwenye kitu kinachozunguka kupitia vipande vya shaba na brashi za kaboni. Nyaya zile ni nzito, ukizizungusha kwa kasi kubwa zinataka kuchomoka, na brashi zinatoa cheche na kulika. Kwa hiyo waliotengeneza walilazimika kuipa dinamo puli kubwa ili isizunguke sana, na ndiyo sababu injini ikiwa taratibu dinamo inalala.

Altaneta imegeuza mpangilio. Kinachozunguka ni usumaku, ambao unahitaji umeme mdogo tu, amp chache, kupitia pete mbili laini. Nyaya zinazozalisha zimefungwa kwenye ganda, hazisogei, na umeme mkubwa unatoka bila kupita kwenye brashi. Unaweza kuipa puli ndogo ikazunguka haraka, hivyo hata gari likiwa limesimama inatoa. Umeme wake ni wa kwenda na kurudi, betri haiutaki huo, kwa hiyo unapitishwa kwenye daiodi zinazoruhusu upande mmoja. Wazo la altaneta halikuwa geni. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni daiodi ndogo na za bei nafuu. Chrysler waliiweka kwenye Valiant mwaka 1960, na Land Rover wakaifuata kwenye Series III ya 1971. Gari la babu liliwahi kuzaliwa miaka sita mapema sana.

Daiodi hizo zikumbuke, ndizo zilizokula bumu langu.

Nilimwomba babu asubiri mpaka likizo ndefu. Alikubali kwa sababu mtu wa vyuma alikuwa anataka kupunguza bei, si kwa sababu alikuwa ananiamini. Aliniambia, "Haya mke wangu, ukishindwa tunauza na wewe juu." Julai, nikitoka chuo, nikateremka Mbeya nikatafuta altaneta iliyotumika ya Corolla. Kwa nini Corolla? Kwa sababu ukiharibikiwa Laela, au Matai, au Namanyere, kipuri cha Toyota utakipata kwa jirani, wakati cha Lucas utakisikia kwenye hadithi. Ninayo ya amp 60, bei elfu tisini. Muuzaji alinifungia kwenye gazeti akaniuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akaniongezea plagi ya waya bure.

Nilivyoifikisha nyumbani, mimi na binamu yangu tukaifunga kwa waya wa kujaribia tu, kabla ya breketi, ili tuone kama ni nzima. Ganda lake likaegemea bodi ya gari. Waya mnene tukaupeleka kwenye upande wa betri ambao haujafungwa kwenye bodi, kama gari lolote. Tukarudisha tamino. Moshi.

Kumbe kwenye gari lile upande uliofungwa kwenye bodi ni chanya. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalifungwa hivyo, na Land Rover walibadilisha kwenda hasi mwishoni mwa miaka ya 60. Sisi tumezaliwa kwenye Toyota, tunadhani bodi ni hasi siku zote. Altaneta ya Corolla ganda lake ni hasi. Ukiiunganisha kinyume, daiodi zote zinafunguka kwa pamoja, na betri nzima inapita ndani yake kama mtu aliyefunguliwa geti. Dinamo ingeweza kuvumilia kosa la namna hiyo, hata ina njia yake ya kuzoeshwa upande mpya. Daiodi hazizoeshwi.

Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda, akauliza kama huo moshi ni wa kawaida. Nikamwambia ni wa kawaida.

Elfu tisini kwa mwanafunzi ni chakula cha wiki kadhaa, mnajua wenyewe. Nililia kidogo chooni, halafu nikaenda kwa fundi umeme mzee pale mjini ambaye amefanya kazi na Land Rover tangu zile za misheni na za serikali. Hakunicheka. Aliniambia nianze na gari, altaneta baadaye. Nitaeleza alichonielekeza kwa kirefu maana hiki ndicho watu wanakiruka.

Kwanza gari lote ligeuzwe kuwa hasi kwenye bodi. Unatoa betri, unaigeuza, na kwa kuwa kichwa cha chanya kwenye betri ni kinene kuliko cha hasi, tamino za zamani hazitakaa sawa. Unanunua mpya, usizipige nyundo. Waya mbili za koili unazibadilishana, ili cheche kwenye plagi zitoke upande ule ule wa awali. Geji ya amp kwenye dashibodi nayo waya zake zinabadilishana, la sivyo itakuonyesha inachaji wakati inakula. Starta haijali, inazunguka upande ule ule. Taa hazijali. Redio inajali sana, na redio ya mjomba tuliitoa kabisa.

Altaneta ya pili niliipata kwa elfu themanini, ya aina ile ile, babu akachangia nusu. Alitoa hela bila kusema neno, jambo lililoniumiza kuliko kama angesema.

Puli ilikuwa tatizo jingine. Corolla ya siku hizi inatumia mkanda mpana wenye mifereji midogomidogo, Land Rover inatumia mkanda mmoja wenye umbo la V. Fundi kereza akatukerezea puli ya V, ndogo kuliko ile ya dinamo. Breketi tukaichomelea kwa bapa la chuma, na hapo uvumilivu unahitajika: puli ya altaneta, ya injini na ya pampu ya maji zikae kwenye mstari mmoja kabisa. Tuliweka rula ndefu ya chuma kuzipima. Zikipishana hata kidogo mkanda unalika upande, unapiga kelele, na siku moja unakatika ukiwa na mzigo. Mkanda ukishakazwa, ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja. Ukizidi kuukaza unaua beringi.

Kuhusu waya. Waya wa zamani kutoka kwenye dinamo ulitengenezwa kwa amp 22. Altaneta ya amp 60 ikikutana na betri iliyokufa inaweza kusukuma 40 au 50 kupitia waya ule ule, na waya ukipata moto ndani ya dashibodi ya gari lenye tangi la petroli chini ya kiti, sihitaji kuendelea. Tukavuta waya mpya mnene, milimita 10 za mraba, kutoka kwenye nati kubwa ya nyuma ya altaneta moja kwa moja hadi kwenye tamino ya starta ambako waya wa betri unafika, na fyuzi kubwa katikati. Kile kisanduku cha Lucas ambacho mafundi wa zamani wanakiita katauti kazi yake imekwisha, kwa sababu altaneta ina kidhibiti chake ndani na daiodi zinazuia umeme usirudi. Hatukukitupa, tulikitoa matumbo tukakitumia kama mahali pa kuunganishia nyaya. Geji ya amp, ambayo mwisho wake ni 30, tuliiondoa kwenye njia ya umeme mkubwa, tukaweka geji ya volti.

Ile plagi ndogo ya Toyota ina waya tatu. IG inapata umeme ukifungua swichi, ndiyo inayoiamsha. L inakwenda kwenye taa nyekundu ya chaji. Ule waya wa taa uliokuwa kwenye katauti tuliuhamishia hapo. Kwenye altaneta za Lucas taa hiyo ikiungua altaneta inaweza isiamke kabisa, hii ya Toyota haina shida hiyo, taa kazi yake ni kukupa habari. Wa tatu ni S, na huu mafundi wengi wanaukatia njia: wanaufunga pale pale nyuma ya altaneta kwenye nati kubwa. S ni ulimi wa altaneta, unaonja volti ili kidhibiti kijue kiongeze au kipunguze. Ukiufunga nyuma ya altaneta, itaonja chakula kikiwa bado jikoni, itaona 14.2, itaridhika, wakati betri kwa mbali inapata 13.5. Uvute hadi kwenye betri. Ni waya mwembamba wa bei ya soda mbili.

Na njia ya kurudi je? Umeme unaotoka lazima urudi, na unarudi kwa bodi, chasisi na injini. Aluminiamu ikikutana na chuma na unyevu, kwenye viungo panajitokeza unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Injini yenyewe imekaa juu ya mipira. Tuliweka waya mnene wa kusuka kutoka injini hadi chasisi, na mwingine kutoka chasisi hadi hasi ya betri, tukakwangua mpaka chuma kikang'aa. Kisha ukaja mtihani ambao ningependa kila mwalimu wa Fizikia aufanye na wanafunzi wake: injini ikiwaka, taa zote zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye ganda la altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri. Kwa macho ni waya mmoja, ungetegemea sifuri. Sisi tulipata 0.9. Hiyo ni volti karibu nzima iliyokuwa inapotea njiani. Baada ya kukwangua tena na kukaza, 0.1.

Jambo moja la kuonya. Kuna mtindo wa mafundi wa kutoa tamino ya betri injini ikiwaka, gari likiendelea kunguruma wanasema linachaji. Ulikuwa mtindo wa enzi za dinamo. Kwenye altaneta, betri ndiyo inayotuliza mawimbi. Ukiitoa ghafla volti inaruka juu na inaweza kuua kidhibiti na daiodi hapo hapo. Binamu yangu alishanyoosha mkono kufanya hivyo nikampiga kofi la mkono. Mita ya bei rahisi inatosha: betri iliyopumzika 12.6, injini ikiwaka kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona zaidi ya 15, zima. Na ukienda kuchomelea chochote kwenye gari, toa betri kwanza.

Agosti tulishuka Muze tena, makusudi turudi usiku. Mvua haikuwepo kwa hiyo waipa sizihesabu. Nilikaa katikati na mita mapajani. Mahali pale pale pa lile lori nikamwomba babu asimame, aache injini taratibu, awashe taa zote nne. Mita ikashuka kutoka 14.2 hadi 13.6 ikatulia hapo. Dakika ishirini, 13.6. Bibi, aliyekuwa amejifunga mablanketi mawili kwa tahadhari, akauliza tunasubiri nini.

Baada ya safari hiyo mkanda ulikuwa umelegea kidogo, mkanda mpya hufanya hivyo, tukaukaza. Taa kubwa bado zinapita kwenye swichi ya zamani bila rilei, hiyo ni kazi ya likizo ijayo. Mtu wa vyuma alikuja mara moja akaambiwa arudi baadaye. Dinamo ya Lucas ninayo chini ya kitanda hosteli, nimeifunga kwenye khanga; nikienda mazoezi ya ualimu nataka kidato cha nne waifungue wenyewe, pamoja na ile altaneta iliyoungua.

Babu bado anaegesha kwenye mteremko.